Msaada wakuu: laki na nusu inapata hedifoni gani ya kusikiliza dansi na taarabu vizuri?

KandaYaZiwa

Habari za muda huu wakuu. Saivi nipo Dar kikazi, naishi Gongo la Mboto na ofisi iko Posta, kwaiyo asubuhi na jioni nakaa kwenye gari muda mrefu sana na kinachoniokoa ni muziki. Mimi ni mtu wa zilipendwa, Msondo, Sikinde, Franco na TPOK Jazz yake, na taarabu asilia ya Unguja, siyo hii ya mipasho. Miaka yote natumia zile iyafoni za elfu tano za barabarani, zinakaa kidogo upande mmoja unakata, unaanza kukunja waya karibu na pini na kushikilia hivyohivyo mpaka unafika, mnaijua hiyo hali.

Sasa nimejichanga nina laki na nusu nataka kitu cha kueleweka. Nimezunguka Kariakoo nimetoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Wa kwanza ananiambia waya umepitwa na wakati chukua Bluetooth. Wa pili kanivalisha hedifoni kubwa ina besi mpaka shingo inatetemeka, nikamwekea wimbo wa Sikinde sikusikia magitaa, nasikia tu gari limepaki linaunguruma. Wa tatu kaja na stori za ohm, eti hii ni ohm 250, kadiri ohm zinavyopanda ndo ubora unapanda, na akataka laki nne.

Simu yangu ni Infinix Hot ya kawaida, ina tundu la iyafoni. Jamaa yangu ana simu ya milioni mbili na ushee haina tundu na ananicheka mimi ndo nimebaki nyuma. Nyimbo nyingi nimezishusha YouTube kwa zile apu za kubadilisha kuwa MP3, nachaguaga 320 ili iwe kwoliti. Ninunue nini hapo? Na je ni kweli hizi za waya zimeshapitwa? Naomba kuwasilisha.

Kachumbari_Original

Laki na nusu kwenye iyafoni? Mkuu hiyo hela mi ningenunua subwoofer niwasikilizishe na majirani wote bila ubaguzi.

FundiMiksa

Mkuu usimsikilize huyo hapo juu, majirani wake tunamjua hali zao.

Nafanya kazi ya mitambo, miksa na maspika ya bendi na makanisa, ngoja nikuambie ninavyoona. Kwanza hilo tundu kwenye Infinix yako ni mali, wala usione aibu. Apple ndo walitoa tundu kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wenzao wakawacheka na baadae wakafuata, leo simu za bei kubwa karibu zote hazina. Zilizobaki nalo nyingi ni za bei ya chini kama hizi zetu za Tecno na Infinix. Yani jamaa yako wa milioni mbili akitaka kuchomeka iyafoni ya waya lazima atembee na kiadapta cha USB-C mfukoni, wewe unachomeka unasikiliza. Nani kabaki nyuma hapo.

Habari ya ohm. Ohm siyo kipimo cha ubora hata kidogo. Ni ukinzani, inakuambia hicho kifaa kinahitaji voltiji kiasi gani ili kiimbe vizuri, na ukiisoma peke yake bila kuangalia usikivu wa kifaa, yani kinatoa sauti kubwa kiasi gani kwa umeme kidogo, zile desibeli kwa miliwati, haikuambii hata nusu ya habari. Chukua mfano wa Beyerdynamic DT 770 Pro, hedifoni maarufu sana ya studio, wenyewe wanaitengeneza ya ohm 32, ya 80 na ya 250, jina lilelile na umbo lilelile. Ile ya 250 ni ya kuchomeka kwenye miksa au ampilifaya. Ukiiweka kwenye Infinix unapandisha sauti mpaka mwisho na bado unatamani kuongeza kidogo, hasa hizo rekodi zako za zamani ambazo zenyewe zilirekodiwa sauti ikiwa chini. Huyo wa laki nne alikuwa anakuuzia tatizo. Kwa simu tafuta kitu cha ohm 16 mpaka 60 hivi chenye usikivu mzuri, basi.

Na bei nayo isikutishe. Mwaka 2017 mtafiti anaitwa Jeroen Breebaart alichukua vipimo vya hedifoni na iyafoni 283 za bei zote akatafuta uhusiano kati ya bei na namna kifaa kinavyotoa sauti kuanzia chini mpaka juu, akaukosa. Pesa inanunua material, kava, jina, vipuri, wakati mwingine raha ya kuvaa, ila mlio wenyewe unaweza kuupata kwa bei ndogo na ukaukosa kwa bei kubwa.

Kwa matumizi yako ya garini mi sikushauri hedifoni kubwa kabisa. Sony MDR-7506 ipo tangu 1991 na bado ni mashine, Audio-Technica M50x nayo nzuri, ila hiyo Sony waya wake umejikunja kama wa simu ya mezani ukiunyoosha unafika mita tatu, utajifunga nao na konda. Alafu joto la Dar na masponji mawili yamekaba masikio, utashuka Posta umelowa. Nenda na zile iyafoni za kuingia ndani ya sikio ambazo waya unapita juu ya sikio kwa nyuma, wanamuziki wanavaa jukwaani. Wachina wameshusha bei zake mpaka inashangaza. Moondrop Chu II, 7Hz Zero 2, hizo ziko kwenye dola 20 mpaka 25 na magitaa utayasikia yote matatu, solo iko wapi, rizimu iko wapi, ile solo ya pili inayojibizana nazo iko wapi. Zipo na KZ ambazo hata Kariakoo hazikosekani, ila KZ wanatoa matoleo mengi mno na baadhi trebo yake, zile sauti nyembamba za juu, ni kali, tarumbeta za Msondo zitakuchoma. Iwe na waya unaochomoka kwenye kisikio, maana kinachokufaga ni waya, ukifa unanunua waya mpya wa elfu kumi na kitu unaendelea.

Utabakiwa na chenji ya kutosha. Sasa hayo mambo ya kushusha YouTube na kuchagua 320 tutayaongea, hapo ndo kwenye ugonjwa wenyewe.

MbagalaExpress

Naheshimu mchango wa fundi ila yeye anaongea kama mtu wa studio, mwenzenu anasema yuko kwenye gari la Gongo la Mboto. Injini ya Kijapani ya zamani inaunguruma chini ya miguu, dirisha halifungi, redio ya dereva iko juu. Hapo mi naona Bluetooth yenye kupunguza kelele ndo jibu. Ile teknolojia ina vimaikrofoni vinasikia kelele ya nje alafu inatengeneza sauti ya kinyume chake zinafutana, ngurumo ya chini inapungua sana. Konda akipiga kelele utamsikia bado, maana inafanya kazi vizuri kwenye ngurumo inayoendelea mfululizo, siyo sauti za ghafla au nyembamba, ila injini inashuka sana. Ukipunguza injini husikilizi kwa sauti kubwa tena. Chapa kama QCY na Soundcore unapata ndani ya bajeti yako.

Na hii habari kwamba Bluetooth haina kwoliti ni ya zamani. Angalia kodeki, yani njia ya kukamua sauti ili ipite kwenye Bluetooth. SBC ile ya kawaida inaishia kama kilobiti 328 kwa sekunde, LDAC ya Sony inafika 990, na Android nyingi saivi zina LDAC. Mwenye iPhone ndo atulie na AAC yake maana kule LDAC haipo.

FundiMiksa

@MbagalaExpress kwenye ngurumo upo sahihi sikupingi, kama gari ni la injini mbovu na mtu hapendi kitu kuziba sikio, chukua hiyo. Ila kuna mawili. LDAC hiyo 990 kwenye gari limejaa simu za watu, yenyewe inajishusha mpaka 660 au 330 ili isikatekate, kwaiyo namba ya kwenye boksi na unachosikia Buguruni ni vitu viwili tofauti. Na la pili ni betri. Vile vibetri vya ndani ya kisikio ni vidogo na havibadilishiki, miaka miwili mitatu ya kuchaji kila siku vinaanza kukata njiani, upande wa kulia mara nyingi unatangulia sijui kwanini. Ya waya ukiitunza unairithisha. Alafu hizi za kuingia ndani zikikaa sawasawa zenyewe zinazuia kelele nyingi bila betri wala chochote, hasa makelele ya juu, ndo maana nimemtajia.

MwanaLuthuli254

Niaje watu wa Dar. Niko Nairobi, hapa Luthuli Avenue kwa maduka ya elektroniki tunaona haya mambo kila siku, wacha niongeze kitu kuhusu feki kwa sababu hiyo ndiyo itakula pesa ya huyu ndugu yetu.

Kuna zile iyafoni za Samsung zimeandikwa AKG. Stori yake ni kwamba kampuni ya Harman ndio wenye JBL na AKG, na Samsung wakainunua Harman 2017, sasa simu ya Galaxy S8 ya mwaka huo ikaja na iyafoni za AKG ndani ya boksi. Zile za ukweli zilikuwa poa kabisa. Lakini tangu hapo kila kibanda kina AKG, zimemwagwa kwa kikapu kama njugu, na unaambiwa ni orijino imetoka kwa boksi la simu. Boksi ngapi hizo jameni? Shika waya wake, ya ukweli imefumwa kwa uzi haijisokoti, na maandishi kwa rimoti ni safi. Ya kikapu uzi unafumuka karibu na pini, na ukipuliza kwa hewa kidogo kikava cha juu kinacheza.

JBL na Beats ndio usiseme. Beats ni ya Apple tangu 2014 na bado utaipata kwa bei ya chapati. Hata MDR-7506 ya Sony ina feki, tena ya kuchanganya, kibandiko cha bluu kipo na kila kitu. Kwa hivyo mimi hupenda hizi chapa za Kichina ambazo fundi ametaja kwa sababu moja ya kiujanja, bei ni ya chini sana hakuna mtu ana haja ya kuzifeki. Nani atafeki kitu cha dola 20.

Ukienda dukani beba simu yako na wimbo wako mwenyewe unaoujua nje ndani. Usikubali kusikilizishwa na simu ya muuzaji, yeye ana wimbo mmoja wa besi na ekolaiza imepandishwa mpaka juu, hata redio ya mkaa ingesikika tamu. Ukikataliwa kujaribu, toka.

Na kwa wale simu hazina tundu kama huyo jamaa wa milioni mbili, kiadapta cha USB-C cha Apple ni kama dola 9 na kina kwoliti kuliko vitu vingi vya bei mara tano, ila kwa Android nyingi hutoa sauti ya chini, kwa hivyo mwenye Android atafute cha FiiO ama kingine kinachofanana.

KandaYaZiwa

Aisee asanteni sana, nimesoma zote. Nimeazima iyafoni ya aina hiyohiyo ya waya wa juu ya sikio kwa kijana wa ofisini ni KZ, nimejaribu jana jioni na maswali yameongezeka. Kwanza sioni hiyo besi mnayosema, yani imepwaya, sauti nyembamba kama redio ya mkulima, kijana anasema mbona kwake inapiga vizuri. Pili nyimbo za zamani sauti yote inakaa katikati ya kichwa, kulia hamna kitu kushoto hamna kitu, nikaweka wimbo wa sasa hivi sauti zinatawanyika vizuri. Ni mbovu au masikio yangu? Na fundi hujaniambia ugonjwa wa YouTube.

FundiMiksa

Hapo kwenye besi umegusa kitu ambacho mi naona ni muhimu kuliko chapa, ohm, LDAC na vyote vilivyoandikwa humu. Iyafoni ya ndani haitoi besi kama haijaziba. Pakiwa na upenyo mdogo tu kati ya kiraba na ngozi, besi yote inatoka nje, unabaki na trebo. Kijana wa ofisini kaweka viraba vya saizi ya sikio lake, siyo lako.

Fanya hivi. Kwenye boksi huwa kuna viraba vidogo, vya kati na vikubwa, watu wengi wanavaa vya kati vilivyokuja navyo na hawavigusi mpaka kufa. Shika kisikio kwa mkono wa upande uleule, mkono wa pili upitishe juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma kidogo, lile tundu linanyooka, hapo ndo ingiza kwa kuzungusha kidogo kama unafunga skurubu, alafu achia sikio lirudi. Pitisha waya juu ya sikio. Ongea kidogo, sauti yako mwenyewe inatakiwa isikike nzito kama uko ndani ya pipa. Sasa cheza wimbo wenye besi, ukiwa umeikandamiza kwa kidole kidogo sana. Kama ukikandamiza besi inaongezeka na ukiachia inapungua, kiraba ni kidogo, panda saizi. Kama kinasukumwa nje chenyewe taratibu au sikio linauma, shuka. Na usishangae kulia ukavaa kikubwa na kushoto cha kati, masikio ya mtu hayafanani. Kama vyote vinagoma kuna vya sponji, unavifinya vikiwa vidogo unaingiza vinavimba humo ndani vinaziba, vinachakaa haraka ila kwenye daladala havina mpinzani. Nafanyia kazi wanamuziki wanaonunua vitu vya mamilioni wanalalamika besi hamna, unambadilishia kiraba cha shilingi elfu mbili anakuona mganga.

Sauti kukaa katikati siyo ubovu. Hizo ni rekodi za mono. Bendi zetu zilikuwa zinaingia studio ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, wote kwa pamoja wanapiga laivu, na nyingi ya hizo nyimbo ni mono, yani kulia na kushoto wanapewa kitu kilekile, ubongo unakiweka katikati ya kichwa. Wala usihangaike. Ukikuta wimbo wa zamani hizo umeshushwa na sauti inazungukazunguka au una mwangwi kama uko chooni, ujue kuna mtu kauongezea stirio ya uongo, ukimbie. Ila ingia kwenye setingi za simu, sehemu ya ufikivu, hakikisha ile swichi ya sauti ya mono imezimwa, maana ikiwashwa hata nyimbo za sasa zinabanwa katikati.

YouTube sasa. Sauti ya kule inakuja ikiwa imeshakamuliwa, mara nyingi kama kilobiti 128. Wewe ukiiambia apu ibadilishe kuwa 320 hairudishi kilichokamuliwa, inakamua mara ya pili na kukuandikia faili kubwa. Wimbo wa dakika nne kwa 128 ni kama mega 4, kwa 320 ni kama 10, umelipia mega 6 za hewa. CD yenyewe ni kilobiti 1411, ukiiweka kwenye FLAC bila kupoteza chochote wimbo huo unakuja mega 25 hivi. Na usidhani wewe ndo utasikia tofauti ya 320 ya ukweli na FLAC garini, wengi hawaisikii hata chumbani kimya, mimi nikiwemo siku nyingi. Kinachosikika ni kopi ya kopi ya kaseti iliyowekwa YouTube na mtu aliyeirekodi kwa kuiweka simu mbele ya spika. Hiyo hata ukivaa hedifoni ya milioni tano itakuonyesha tu ubaya wake vizuri zaidi.

BintiMalindi

Mie wa Unguja, hapo kwenye kopi nataka kusema. Mtu anayetaka taarabu asilia na dansi la zamani kwa sauti safi atafute zile CD za Zanzibara za kampuni ya Ufaransa Buda Musique. Ya kwanza ni Ikhwani Safaa, chama chetu cha tangu 1905, na humo kwenye mfululizo mmewekewa na dansi la Dar la miaka ya sitini na ya sabini mwishoni. Hizo siyo kopi ya kaseti ya shangazi. Apu za muziki zinazo, Spotify ipo Tanzania tangu 2021, na ukilipia unapata kilobiti 320 za haki, bila kulipa ni 160 ambazo pia si mbaya. Bando lisikutie hofu, saa moja ya 320 ni kama mega 144, pakua ukiwa na waifai usiku, asubuhi unasikiliza bila kukatika hata ukipita wapi.

Na kwa kujaribia hizo iyafoni mie natumia taarabu ya Culture Musical Club iliyorekodiwa kwa utulivu, maana pale hamna mahali pa kujificha. Kitu kizuri kitakusikilizisha risha, kile cha kupigia nyuzi, linavyogusa waya wa udi kabla ya sauti yenyewe kutoka, ile 'tk' ndogo. Kanuni nayo, ile ala ya nyuzi nyingi, nyuzi zake tatu tatu kwa kila noti, kitu kibaya kinazigeuza mlio mmoja kama kengele ya baskeli. Fidla zikiwa nyingi zinapiga pamoja usikie ni wengi, siyo fidla moja kubwa. Kama fidla zinakukereketa ujue trebo imezidi, kama udi umekaa kama umefunikwa blanketi ujue besi imepanda juu ya kila kitu. Mambo ya besi inapiga haipigi hayatakuambia chochote kuhusu taarabu.

Jengine, mwenye Android aweke apu ya Wavelet. Ina vipimo vya iyafoni na hedifoni nyingi sana vilivyokusanywa na mradi wa AutoEq, unachagua jina la yako inairekebisha. Kama yako ni trebo kali utasikia imetulia papo hapo, bila kununua kitu.

KandaYaZiwa

Dada hapo kwenye 'tk' ya risha umenimaliza, sijawahi kuisikia na nyimbo hizo nazijua zote. Nimepanda viraba vikubwa kushoto, kulia cha kati, besi imekuja yenyewe, kumbe.

Nesi_Tanga

Nakaa kwenye kitengo cha masikio, pua na koo, naomba nipitie hapa kabla hamjamaliza. WHO wanasema mtu mzima asizidi masaa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukipanda mpaka 90 ni masaa 4 tu kwa wiki nzima, siyo kwa siku. Wewe kaka unakaa garini muda mrefu kila siku, na kwenye gari lenye kelele mtu anapandisha sauti bila kujua ili muziki uizidi injini, ndo tunawapokea vijana wana mlio wa nziiii masikioni usiku hawalali na ule hauna dawa ya kuuondoa. Ndiyo maana mimi nafurahia hiyo habari ya kuziba vizuri na hiyo ya kupunguza kelele, zote mbili zinakufanya usikilize kwa sauti ya chini. Weka sauti ukiwa nyumbani kimya, sehemu unayoona inatosha, ukipanda gari usiongeze zaidi ya kidogo. Ukishuka na masikio yamezibwaziba kama umetoka kwenye disko, ilikuwa juu.

Viraba vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mara kwa mara na vikauke kabla ya kurudishwa, na hizi za ndani usiazimane kama ulivyofanya kwa kijana wa ofisini. Na ukivuka barabara toa upande mmoja jamani, bodaboda hazipigi honi.

Kachumbari_Original

Bodaboda zinapiga honi sana tu dada, ni kwamba wanapiga wakishakupita.

MbagalaExpress

Mkuu hujasema umeamua nini. Mi bado nasimama na ya kupunguza kelele kwa hilo gari lako.

KandaYaZiwa

Nimeamua waya kwanza, nachukua mojawapo ya hizo za dola 20, nyingine nanunua kadi ya memori ya giga 64 na kulipia Spotify miezi michache nipakue hizo Zanzibara. Ikibaki hela na kelele zikinishinda nitakuja kwako. Swali la mwisho, mtandaoni naona zinauzwa ya bei moja yenye maiki na isiyo na maiki, na nyingine imeandikwa Type-C. Yenye maiki haiharibu sauti?

FundiMiksa

Haiharibu. Chukua yenye maiki, mkeo atakupigia ukiwa Vingunguti hutakuwa na haja ya kuchomoa. Ila iwe ya pini ya mm 3.5, siyo Type-C, maana ile Type-C inachukua tundu la chaji na gari likikaa foleni Tazara utataka kuchaji. Angalia pini iwe imepinda kona, iliyonyooka ndo inavunjikiaga mfukoni. Na kadi ya memori usichukue ile ya elfu nane, zile zinadanganya ujazo, ukishajaza nyimbo zinaanza kujifuta zenyewe.

KandaYaZiwa

Poa fundi, nishaagiza. Ya kona, yenye maiki.